Anti Kalondu na Biskuti za Alhamisi

Siku Anti Kalondu alipopandishwa cheo, kitu cha kwanza alichofanya ni kutuitisha mkutano. Tulikuwa watu wanne tu nyumbani, na mmoja wetu, Ndila, ana miaka saba. Lakini Anti alisimama kando ya televisheni, akaizima katikati ya habari, akasema, "Asanteni kwa kufika."

"Tumefika kutoka wapi na tunaishi hapa?" mume wake akauliza.

Mume wake ni Anko Kitonga, fundi wa mageti hapa Makongeni, Thika. Ndila ni mtoto wao. Mimi ni mtoto wa dada yake Anti. Kwetu ni Ngoliba, lakini shule yangu iko Thika, kwa hivyo nakaa kwao tangu kidato cha kwanza na sasa niko cha tatu. Vitu vingi kwa hii hadithi nimeviona mwenyewe. Vingine nimesimuliwa na Anti, na kila mara nilienda kuhakikisha kwa Shiko, jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye wanafanya kazi pamoja na ambaye hapendi mtu akijisifu.

Kwa miaka kumi na moja Anti amekuwa akipakia biskuti kiwandani. Biskuti zinatoka kwa oveni zikiwa juu ya mkanda mrefu, zinapoa zikitembea, zikifika mezani akina mama wanachukua kumi na mbili, wanazigonga kidogo mezani ili zilingane, wanaziingiza kwa pakiti. Anti amefanya hivyo mpaka mikono yake inahesabu bila yeye. Hata chapati akipika, lazima azigonge kando zilingane kabla hujapewa.

Sasa supavaiza wa laini namba mbili, yaani mkanda wao, alikuwa ameacha kazi akafungue biashara yake ya maji, na Bwana Gachau, meneja wa uzalishaji, akamwambia Anti ashike hiyo nafasi. Lakini si kabisa.

"Miezi mitatu ya majaribio," Anti alitueleza akiwa bado amesimama. "Saa hii kwa kila biskuti mia moja, saba zinavunjika. Gachau anataka tatu. Miezi mitatu ikiisha kama nimefika tatu, ananithibitisha. Kama sijafika, narudi mezani kupakia, na kiti kinaenda kwa kijana mmoja wa diploma kutoka Juja. Wameshamfanyia intaviu."

"Huyo kijana anajua biskuti?" Anko akauliza.

"Anajua kompyuta."

"Basi atazivunja haraka."

Mimi nilicheka. Anti hakucheka, na hapo ndipo nilijua anaitaka hiyo kazi kweli. Alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili kama mtu aliye kwa mashua, na sijawahi kumwona Anti akishikilia kitu.

Kiwanda kikampeleka semina ya nusu siku kuhusu uongozi. Alirudi na kalamu, chupa ya maji na mambo mengi. Mkufunzi aliwaambia kiongozi anatazama watu machoni, anaongea kutoka tumboni, na haombi, anaelekeza. Kwa vile laini namba mbili ilikuwa imefungwa wikendi, alianza na sisi.

"Kitonga," alisema Jumamosi asubuhi, kwa sauti ya tumboni, akimtazama machoni. "Naona viatu mlangoni."

"Hata mimi naviona."

"Unaonaje kuhusu hivyo viatu?"

"Naona ni vizuri. Nilinunua mtumba Gikomba."

"Nataka unipe mpango wa jinsi hivyo viatu vitatoka hapo."

Anko aliweka kikombe chini polepole. "Mama Ndila, mimi si laini namba mbili. Ukitaka viatu vitoke, sema vitoke."

Ndila alivitoa. Anti akamwandika kwa kitabu kama mfanyakazi bora wa wiki, na Anko akanuna mpaka Jumatatu kwa sababu hakuandikwa.

Kazini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Watu wa laini hiyo ni wale wale aliokaa nao meza moja miaka yote. Wanajua ana vidole vya miguu vya aina gani. Jumatatu ya kwanza alisimama mbele yao na hotuba yenye pointi nane. Shiko anasema zilikuwa kumi na moja.

"Kuanzia leo," Anti akasema, "tunabadilisha mtazamo."

"Kwani tunatazama wapi?" akauliza Karanja, mwanamume pekee kwa hiyo meza.

"Shiko, kofia."

"Kofia imefanya nini?"

"Nywele zinaonekana."

"Haiya! Kalondu, hizi nywele si wewe ulinisuka Jumapili?"

"Kazini niite Madam."

Hapo ndipo aliharibu. Kutoka siku hiyo waliita kila kitu madam. Trei ikidondoka, "Pole, Madam Trei." Oveni ikichelewa kupata moto, "Madam Oveni hajaamka." Na Anti anapiga kelele mpaka sauti inaisha, na kila jioni anaandika kwa kijitabu ngapi zimevunjika. Wiki ya kwanza zilikuwa saba kwa mia. Wiki ya pili zilikuwa nane.

"Umeongeza," Anko akasema. Nafikiri alitaka kumliwaza.

Anti alienda kuoga na akakaa huko muda mrefu sana.

Wiki ya tatu alienda kazini bila hotuba. Kile alichofanya kilisimuliwa Makongeni yote, kwa hivyo hiki najua ni cha kweli. Alichukua kalamu ya kuchora, akaandika herufi K juu ya biskuti moja ikitoka kwa oveni, halafu akatembea nayo. Biskuti iko kwa mkanda, yeye yuko kando, pole pole, mgongo umeinama, kama mtu anayefundisha mtoto kutembea. Ikifika mwisho anarudi oveni anachukua nyingine.

Kinuthia, fundi wa mashine, alimfuata kwa macho nusu saa nzima.

"Madam, unapeleka biskuti matembezi?"

"Kinuthia, njoo usikie hapa."

"Sisikii kitu."

"Weka mkono."

Kinuthia akaweka mkono. Mahali mikanda miwili inakutana palikuwa na kadonge, kadogo kama punje ya mchele. Kila biskuti ikipita inaruka kidogo. Ikiruka inapata ufa ambao huoni, ikishikwa mezani inaachana.

"Hiyo iko hapo tangu nije," Kinuthia akasema.

"Na ulikuja lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Basi itoe kabla ya ule wa tatu."

Shiko mwenyewe anasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza Anti aliongea kama bosi, na hakuwa anaangalia mtu yeyote machoni, alikuwa ameinama chini ya mkanda na unga kwa nyusi. Kinuthia alitengeneza siku hiyo hiyo. Baada ya hapo Anti akaanza kuuliza watu wa mezani badala ya kuwahutubia. Mmoja akasema feni imeelekezwa vibaya, biskuti zinapoa upande mmoja. Mwingine akasema trei za zamani zimepinda. Ni vitu ambavyo walijua miaka yote na hakuna mtu aliwahi kuwauliza.

Mwisho wa mwezi wa pili, saba zilikuwa zimekuwa nne na kidogo. Halafu zikakataa kushuka.

Hapo ndipo mimi niliingia. Shuleni tulikuwa tunafanya takwimu, na nilikuwa nimechoka kuchora chati za mvua ya miji ambayo sijawahi kwenda. Nikamwomba Anti kijitabu chake. Nikachora siku za wiki chini, biskuti zilizovunjika kando, na nguzo moja kwa kila siku.

Jumatatu tatu. Jumanne tatu. Jumatano tatu. Alhamisi kumi. Ijumaa mbili.

Nilifikiri nimekosea. Nikarudia na wiki nyingine. Kumi tena. Kila Alhamisi kulikuwa na nguzo imesimama peke yake kama mlingoti wa simu katikati ya nyumba za mabati.

Nilimwonyesha Anti akiwa anakatakata sukuma wiki. Aliangalia muda mrefu, kisu hewani.

"Futa Alhamisi," akasema.

"Anti, haifutwi. Ni hesabu."

"Ukitoa Alhamisi, inakuwa ngapi?"

Nikapiga. "Mbili nukta saba tano. Umepasi."

"Basi toa."

"Lakini Alhamisi kunafanyika nini?"

"Nenda ununue nyanya."

"Nyanya ziko."

"Nenda ununue zingine."

Nilienda nikanunua nyanya ambazo hatukuhitaji, na njiani nilifikiria. Ijumaa saa kumi jioni kiwanda huuzia wafanyakazi biskuti zilizovunjika, kwa bei ya karibu bure. Tunaziita vipande. Makongeni yote inajua Ijumaa ya vipande. Ukiona mtoto anatembea na mkono ndani ya mfuko wa karatasi, mama yake anafanya kazi kule. Kanisani kwetu watoto wa Sunday school hupewa vipande, kamati ya mazishi hunywa chai na vipande, na Anko huweka vingine kwa karakana yake kuburudisha wateja ambao geti yao haijaisha, yaani wote.

Niliporudi na nyanya, nilimkuta Anti ameketi na Anko, na chati yangu iko mezani.

"Mwambie," Anko akasema. "Ameshajua. Ona vile anatuangalia."

Basi akaniambia. Vipande vya Jumatatu mpaka Jumatano havikai. Vinasagwa, vinarudishwa kwa unga vinakuwa biskuti tena. Vya Alhamisi peke yake ndivyo vinawekwa kwa pipa la kuuzwa Ijumaa. Kwa hivyo Alhamisi, mtu akichukua biskuti zake kumi na mbili kuzigonga mezani zilingane, anazigonga na moyo wote.

"Watu wote?"

"Wote."

"Na ni nani alianza?"

Anti aliangalia dirisha. Anko aliangalia Anti. Ndila akasema, "Ni mama," ingawa hakuna mtu alikuwa amemwambia chochote.

Ilikuwa wakati ana mimba ya huyo huyo Ndila. Hakuna chakula kilichokuwa kinakaa tumboni isipokuwa biskuti. Alhamisi moja aligonga vibaya kwa bahati mbaya, na Ijumaa akapata mfuko umejaa. Alhamisi iliyofuata haikuwa bahati mbaya. Aliyeketi kando yake akaona, na aliyeketi kando ya huyo akaona.

"Wuui, na sasa mimi ndiye nimewekwa kuzuia," Anti akasema, na akacheka vibaya, ile ya pua.

Mbaya zaidi, Gachau naye hakuwa mjinga. Wiki iliyofuata alimwita ofisini. Kwa ukuta alikuwa na chati yake mwenyewe, ya kompyuta, yenye rangi, na nguzo ya Alhamisi ilikuwa nyekundu.

"Kalondu, watu wako wananichezea," akasema. "Umefanya kazi nzuri, sikatai. Lakini zimebaki wiki mbili na uko nne. Niletee majina mawili. Mawili tu, niwafute kazi, wengine wataogopa, Alhamisi itashuka, na mimi nakuthibitisha. Ni rahisi."

"Majina mawili," Anti akasema.

"Kufikia Jumatatu."

Hiyo wikendi Anti hakupika. Anko alipika, na hatutaongea juu ya hiyo. Jumapili kanisani Anti alikaa nyuma ya Shiko na aliangalia kisogo chake ibada nzima. Watoto wa Shiko ni watatu na baba yao hayuko. Karanja analea mama yake. Kila mtu kwa ile meza yuko na kitu. Na upande ule mwingine kuna hiyo kazi, ambayo Anti alikuwa ameionja miezi miwili na nusu na ilikuwa tamu. Aliwahi kuniambia, akiwa anaosha vyombo, kwamba hakuwahi kujua ana akili ya mashine. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kama mtu anayeungama.

Jumatatu, saa nne, wakati wa chai, alisimama mbele ya meza.

"Leo sina hotuba," akasema.

"Asante Yesu," Shiko akasema.

Anti akachukua biskuti kumi na mbili. Akazigonga, tk. Zikalingana. "Hii ni Jumatatu." Akainua tena, akagonga, kwaa! Nne zikapasuka, kipande kimoja kikaingia kwa chai ya Karanja. "Hii ni Alhamisi. Na mimi ndiye nilianza."

Karanja akasema, "Kumbe ni wewe? Miaka hii yote nilikuwa nafikiri ni mimi."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Lakini Anti alingoja wamalize, akawaambia yote. Majina mawili, kijana wa Juja, wiki mbili.

"Na utaandika nani?" Shiko akauliza. Hakuita Madam.

"Hiyo ndiyo nataka mniambie. Tukiacha, Ijumaa hakuna vipande. Mtaweza?"

"Watoto wangu watanifukuza," Shiko akasema.

"Na zile zimeungua?" akauliza Karanja, akitoa kipande kwa chai na kukila.

"Zipi?"

"Zile zinatoka oveni na mgongo mweusi kidogo. Nzima kabisa, zina rangi tu. Si zinabebwa na yule mzee Njau wa Gatundu, anapea nguruwe?"

Kila mtu akamwangalia Karanja. Hawajawahi kulifikiria hilo. Kwa miaka saba wamekuwa wakivunja biskuti nzuri ili wale vipande, na biskuti nzima zinapita mlango wa nyuma kwa pickup kwenda kuliwa na nguruwe.

"Yaani," Shiko akasema pole pole, "nguruwe wa Gatundu wanakula nzima, na mimi nakula unga?"

Saa tano Anti alikuwa ofisini kwa Gachau. Yeye anasema alisimama wima katikati ya chumba. Shiko, ambaye alijifanya amepeleka sampuli akabaki mlangoni, anasema Anti hakuachilia mkono wa mlango hata mara moja.

"Majina," Gachau akasema, kalamu tayari.

"Ni moja."

"Nilisema mawili."

"Ni moja. Kalondu Mwendwa."

Gachau akaandika "Kalo" ndipo kalamu ikasimama. "Unasema nini?"

Akamweleza. Alhamisi, pipa, mimba, kugonga. Hakumtaja mtu mwingine. Gachau alivua miwani, akaifuta, akairudisha, kana kwamba angemwona Anti mwingine.

"Miaka saba?"

"Ndila anaingia darasa la pili."

"Na unaniambia mimi, wiki mbili kabla nikuthibitishe?"

"Ukifuta watu wawili, wale wengine watajifunza kuvunja bila kelele. Nawajua. Mimi ndiye niliwafundisha." Halafu akamwambia juu ya zile zenye mgongo mweusi. Nzima, safi, ziuzwe kwa wafanyakazi Ijumaa badala ya vipande. Vipande vyote virudi kwa unga. Mtu akivunja Alhamisi hatakuwa na faida yoyote, atakuwa tu amevunja.

"Na Njau nitamwambia nini?"

"Mwambie nguruwe wake wamenona vya kutosha."

Shiko anaapa kwamba Gachau alicheka. Anti anasema alikohoa. Kwa vyovyote alisema, "Ijumaa mbili. Tuone. Na usifikiri nimekusamehe."

Alhamisi ya kwanza, meza nzima ilishika biskuti kama mayai ya mtu mwingine. Karanja alipiga chafya akiwa na kumi na mbili mkononi, akageuka, akapiga chafya ukutani, hakuvunja hata moja, watu wakapiga makofi. Jioni Anti alikuja nyumbani mbio, bado na kofia ya kazi, akaniwekea kijitabu mbele.

"Chora!"

Nikachora. Nguzo ya Alhamisi haikufika hata robo ya ile ya zamani. Wastani wa wiki mpaka hapo, mbili na nusu. Anko alichukua hiyo karatasi akaenda nayo karakana, akaibandika ukutani karibu na bei za mageti, na wateja wakawa wanauliza hiyo ni ya nini.

Ijumaa biskuti zenye mgongo mweusi ziliisha kwa dakika kumi. Watoto wa Shiko walilalamika kwamba ni chungu kidogo, halafu wakazimaliza. Wiki ya mwisho ilikuwa mbili na nusu tena.

Siku miezi mitatu ilipoisha, Gachau alimwita Anti akampa bahasha moja yenye barua mbili. Nimezisoma zote mbili, ziko kwa droo yetu. Ya kwanza ni barua ya onyo, kwa kuharibu mali ya kampuni kwa makusudi, na kwamba akirudia atafutwa bila notisi. Ya pili inasema kampuni ina furaha kumthibitisha kuwa supavaiza. Sahihi ni moja, tarehe ni moja, hata alama ya kikombe cha chai imepita barua zote mbili.

"Weka sahihi zote mbili," Gachau akamwambia.

Anti akaanza na ya onyo, asije akaonekana ana haraka.

"Na kuna kitu kingine," Gachau akasema. "Kile kiwanda chetu kipya cha Ruiru, laini yao inavunja tisa kwa mia. Nataka uende siku mbili kwa wiki uwaangalie. Wanasema shida ni mashine."

"Inaweza kuwa mashine," Anti akasema. "Nitatembea na biskuti nione." Akafunga kalamu. "Lakini kwanza, huko Ruiru vipande wanauziwa siku gani?"

"Jumatano. Kwa nini?"

"Fungua kompyuta," Anti akasema, akivuta kiti na kuketi bila kuambiwa. "Tuangalie Jumanne."